Kabla ya Kuuliza Dawa, Tazama Shina

Katika kazi yangu ya kutunza bustani na miti ya majumbani hapa Dar es Salaam, hakuna swali ninaloulizwa sana kama hili: "Fundi, mti wangu umeingiwa na wadudu, nipulizie dawa gani?" Siku hizi linakuja na picha kwenye simu, na picha yenyewe ni ya jani. Jani limejikunja, jani lina unga mweupe, jani limefunikwa na weusi wa masizi. Nami hujibu kwa ombi: naomba unipigie picha ya shina, pale linapoingia ardhini. Wengine hukasirika, wanaona nawazungusha. Lakini kwa miti ya nyumbani nimeshaona vya kutosha kusema bila kusita kwamba wadudu wengi unaowaona juu wamekuja kumalizia kazi iliyoanzia chini, na kazi hiyo ilifanywa na watu, tena mara nyingi watu wanaoupenda mti wenyewe.

Sisemi hivyo kuwatetea wadudu. Nimekulia Lushoto, na najua mdudu wa milimita nne anaweza kufanya nini.

Misaipresi ya kule ilipandwa tangu enzi za ukoloni: mashamba ya miti ya Shume, uzio wa misheni, wa shule, wa nyumba za maofisa. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na baridi ya Usambara iliipokea vizuri. Uzio wa msaipresi ukipunguzwa kwa mkono wa mtu anayejua, hata kuku hapenyi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 tukaanza kuona mabaka ya kahawia. Kidukari wa msaipresi alikuwa ameonekana Malawi mwaka 1986, mara ya kwanza kwa bara la Afrika, na ndani ya miaka michache akawa ameshafika Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda. Mwaka 1990 akaingia Kenya. Anajibanza kwenye vijitawi vya ndani, ananyonya utomvu, na mate yake yana sumu inayoendelea kuua kijitawi hata yeye akishahama. Kwa hiyo mti ulikuwa unakauka kuanzia ndani kuja nje. Ukiutazama ukiwa barabarani unaona kijani. Ukipanua matawi kwa mikono miwili unakuta kahawia tupu, na vidole vinanata kwa ule utomvu mtamu wanaoutoa.

Kitu kilichonikaa kichwani tangu wakati ule si kidukari mwenyewe, ni panga lililomfuata. Watu walipoona kahawia walikata. Walikata kwa nguvu, mpaka kwenye vijiti visivyo na jani hata moja, wakitegemea uzio utachipua upya kama chai inavyochipua baada ya kupogolewa. Msaipresi hauchipui hivyo. Ukivuka mpaka wa majani mabichi ukaingia kwenye kijiti kikavu, tawi hilo halirudi tena. Uzio mwingi ambao kidukari aliudhoofisha tu, na ambao ungeweza kusimama, uliuawa na watu waliotaka kuuokoa. Baadaye watafiti walileta nyigu mdogo sana, jamii ya Pauesia, akaachiliwa Malawi mwaka 1994 na kisha katika nchi nyingine. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidukari, buu likaanguliwa na kumla kwa ndani mpaka linabaki ganda lililovimba. Mwenye uzio wa msaipresi Lushoto, Arusha au Limuru leo anaweza kuyaona maganda hayo akiangalia kwa makini, na akiyaona asikimbilie bomba la dawa, maana dawa kali itaanza na nyigu.

Dar ni nchi nyingine kabisa. Hapa miti yangu ni mikrismasi (ile ya maua mekundu), miashoki, miembe, miarobaini, mijohoro, mivinje karibu na bahari, haibiskasi na bogenvilia ukutani, na minazi na mitende ya mapambo mbele ya nyumba za wenye uwezo. Joto ni kali, udongo ni mchanga, na kati ya masika na vuli kuna kiangazi kirefu ambacho mti usio na mizizi mizuri unakihisi. Lakini mambo yanafuata njia ile ile.

Mzee mmoja mstaafu wa Mbezi aliniita kwa ajili ya mchwa. Mti ulikuwa mkrismasi mkubwa, kivuli chake kinafunika nusu ya uwanja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Mchwa wananimalizia mti huu. Aliupanda mama watoto, Mungu amrehemu. Niambie dawa yoyote, nitanunua."

Njia za udongo za mchwa zilikuwa zimepanda shinani mpaka kimo cha mtu. Vijana wa mtaani walishamshauri amwage oili chafu ya gari, na ilikuwa imeshamwagwa. Harufu ilikuwa bado iko pale. Nilichukua kisu nikakwangua njia moja ya mchwa, kisha nikakwangua na ganda lililo chini yake, kidogo tu, unene wa ukucha. Kipimo hiki kila mwenye mti anaweza kukifanya. Ukikuta chini ya ganda la nje kuna kijani chenye majimaji, mchwa wanakula ganda lililokwisha kufa, na mti hauna ugomvi nao. Ukikuta pakavu pa kahawia, sehemu hiyo imekufa, na sasa uliza imeuawa na nini. Upande wa mashariki wa mti ule nilikuta kijani. Upande wa magharibi, kahawia, kila nilipokwangua.

Upande wa magharibi ndiko gari linakoegeshwa. Mwaka uliotangulia mafundi walikuwa wameweka pevingi. Walijaza kifusi kusawazisha uwanja, wakashindilia kwa mashine, wakakata mizizi iliyojitokeza juu kwa kuwa ingeinua vitofali, na wakavipanga mpaka vikagusa shina. Ilikuwa kazi safi sana kwa macho. Mkrismasi ni mti wa mizizi ya juu juu, na hata miti mingine mizizi inayoutafutia maji na chakula iko katika nusu mita ya kwanza ya udongo, nayo hutambaa mbali kupita ncha za matawi. Mizizi hiyo inahitaji hewa. Ukiishindilia na kuifunika, inakufa polepole, na mti unachukua mwaka mmoja au miwili kukuonyesha. Wakati huo fundi wa pevingi ameshalipwa na kusahauliwa, na aliyepo mbele ya macho ni mchwa.

Tuliondoa vitofali kuzunguka shina, upana wa mita moja na nusu kila upande, na kifusi nikakitoa kwa mikono na kijiti ili nisichubue. Mti uliokaa sawa hutanuka unapofika ardhini, kama mguu wa tembo. Wa mzee yule ulikuwa umeingia kwenye kifusi ukiwa umenyooka wima, dalili kwamba nyayo zake zimezikwa. Nilipozifikia, ganda lilikuwa laini na linanuka uvundo. Udongo uliolowa oili tuliutoa wote, tukaweka mboji na majani makavu, na nikamwomba mzee aumwagilie polepole kwa muda mrefu mara moja kwa wiki mpaka mvua zianze, badala ya kuurushia maji kidogo kila jioni. Matawi makubwa ya magharibi hayakurudi. Tuliyakata kabla ya masika, kwa sababu mti uliokatwa mizizi upande mmoja ni hatari udongo ukilowa na upepo ukivuma. Sehemu iliyobaki inaishi, na inatoa maua. Mchwa nao bado wapo kwenye ganda lililokufa, na mzee ameacha kuwajali.

Kuna desturi moja ambayo najua nikiisema nitaonekana nagusa usafi wa watu. Tunafagia. Kila asubuhi uwanja unafagiliwa mpaka mchanga unabaki na mistari ya ufagio, na majani yote yanarundikwa chini ya mti ule ule na kuchomwa. Moshi unafukuza mbu, uwanja unapendeza. Mti umenyang'anywa chakula chake na kisha umechomwa ubavu. Joto la moto wa majani linatosha kuua ngozi hai iliyo chini ya ganda bila ganda la nje kuonyesha chochote zaidi ya weusi kidogo. Baada ya muda ganda linapasuka, linabanduka, na mabungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanaingia, na unga wa mbao unaanza kudondoka chini. Hapo ndipo napigiwa simu kuhusu mabungua. Ukiwa na mwembe uani, rundika majani hayo mbali na shina yaoze, au yatandaze chini ya kivuli unene wa vidole vinne au vitano, ukiacha nafasi ya shibiri moja bila kitu kuzunguka shina. Matandazo yakiegemea shina yanaliozesha, na panya wanajificha humo.

Mashine za kufyekea majani nazo zimeua miti michanga mingi kuliko mdudu yeyote ninayemfahamu. Kijana anafyeka ukoka mpaka kwenye shina, ile kamba ya plastiki inapiga ganda, wiki ijayo inapiga tena mahali pale pale. Chini ya ganda ndiko chakula kinakopita kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi. Jeraha likizunguka shina lote, mti umekufa hata kama utabaki na majani kwa miezi. Ng'oa nyasi kwa mkono kuzunguka mti mchanga, weka matandazo, na mwenye mashine hatakuwa na sababu ya kusogea.

Na miche. Ninaponunua mche kando ya barabara huwa nauliza umekaa kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, muda gani, kisha natoa kiriba na kutazama mizizi kabla sijalipa. Mche uliokaa sana mizizi yake imejizungusha kwenye kiriba. Ukiupanda hivyo, itaendelea kujizungusha na kunenepa, na mti ukishakuwa mkubwa unajinyonga wenyewe. Nimewahi kuitwa kwenye mwashoki uliokuwa umesimama kwa miaka, umenyauka ghafla; tulipouchimba tukakuta mzizi mmoja mnene umelizunguka shina, na kipande cha kiriba cheusi kikiwa bado chini. Hakuna aliyekitoa siku ya kupanda. Mwenye nyumba alikuwa ameshapulizia dawa za aina tatu.

Majani ya njano ni mlango mwingine wa kuuza dawa. Kwenye nyumba zilizotoka kujengwa, naona haibiskasi na mizambarau ikiwa na majani ya njano huku mishipa ya jani ikibaki kijani. Hakuna mdudu hapo. Ukichimba kidogo unakutana na mabaki ya saruji na chokaa. Mafundi waliosha vifaa vyao pale na kumwaga. Saruji inaondoa uchachu wa udongo, na mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo. Toa uchafu huo, jaza udongo mwingine na mboji. Na yakiwa majani yanaungua kingo na ncha huku katikati yakiwa mazima, onja maji ya kisima chako. Nyumba nyingi karibu na pwani zinamwagilia kwa maji ya visima yenye chumvi. Mvinje, mnazi na bogenvilia zitavumilia. Waridi na mimea mingi laini ya kwenye vyungu haitavumilia. Vuna maji ya mvua kwa ajili ya hiyo, au acha kuipanda.

Sasa nikubali kwamba kuna wadudu ambao ni wadudu kweli, na haibiskasi ndiye mwalimu wao. Vidung'ata wa mpapai, wadudu wadogo weupe wanaonyonya utomvu, waliotokea Amerika ya Kati na Meksiko, walitolewa taarifa pwani ya Kenya mwaka 2016, na hawali mpapai peke yake. Haibiskasi na mfrangipani wanaipenda sana. Mama mmoja wa Mikocheni alikuwa na uzio wa haibiskasi wote umekuwa mweupe, ncha zimekunjamana, na chini yake kila kitu ni cheusi. Weusi ule ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu wanaoudondosha wadudu. Alikuwa anapulizia sumu kila wiki na hali inazidi.

Nilimwomba tukae dakika chache tutazame tawi moja bila kuligusa. Sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka kwa msururu. Wanalamba utomvu ule, na ili usikatike wanawafukuza maadui wa vidung'ata na hata kuwabeba kuwahamishia tawi jipya. Katikati ya weupe kulikuwa na kingine: kiumbe cheupe vile vile, chenye manyoya ya nta, lakini kikubwa zaidi na kinatembea haraka kutoka kidung'ata kimoja hadi kingine.

"Huyo ndiye mama yao?" akauliza.

Alikuwa mtoto wa mdudu-kibibi. Wadudu-kibibi wengi tunawajua wakiwa wakubwa, wale wadogo wa duara wenye mgongo wa kung'aa. Lakini watoto wa baadhi yao, hasa wanaokula vidung'ata, wamevaa nta nyeupe inayowafanya wafanane na wale wanaowala. Kidung'ata hukaa karibu mahali pamoja, na akitembea ni polepole, huyu anakimbia. Kila wiki dawa ilikuwa inawaua hawa kwanza, kwa sababu wako wazi na wanahangaika, wakati vidung'ata na mayai yao wamejificha ndani ya pamba yao na kwenye mikunjo ya majani ambako dawa haifiki.

Tulifanya hivi. Ncha zilizokunjamana kabisa tulizikata na kuzifunga kwenye mfuko palepale, bila kuzikokota bustanini. Zilizobaki tulizipiga maji ya mpira kwa nguvu, kuanzia chini ya majani, asubuhi. Jioni yake tukapulizia maji ya sabuni: sabuni ya maji ya kawaida isiyo na dawa ya kung'arisha, mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, tukijaribu kwanza kwenye tawi moja na kusubiri siku nzima kuona kama majani yanaungua. Sabuni inafanya kazi ikimgusa mdudu tu, kwa hiyo anayenyunyiza juu juu kama mvua anapoteza muda. Sisimizi tuliwakatia njia kwa kuzungushia mashina utepe wa plastiki uliopakwa grisi, na matawi yote yaliyogusa ukuta tukayapunguza, maana ukiziba mlango wanapita dirishani. Tulirudia kila wiki mpaka machipukizi mapya yakatoka yakiwa yamenyooka. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa nazo zinasaidia, gramu 50 kwa lita moja, zikilowekwa usiku kucha na kuchujwa. Haukuwa ushindi wa mara moja, na kiangazi kinapokuwa kikali wanarudi kidogo. Mama sasa anawaona mapema, akiwa kwenye ncha mbili tatu, anazikata mwenyewe na mkasi.

Lakini si kila sisimizi ni wa kufukuzwa. Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa viota, wanauma vibaya na watu huwachoma moto. Katika minazi ya pwani hii na Zanzibar, majimoto ndio walinzi dhidi ya mdudu anayedunga nazi changa mpaka zinapukutika. Kama mti hauko pale watoto wanapochezea, mimi huwaacha.

Kwa minazi na mitende ya mapambo, shida yangu kubwa ni chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe. Huingia usiku kwenye moyo wa mti na kutafuna jani likiwa bado limekunjwa, na jani hilo likifunguka unaona limekatwa umbo la V, mkato safi kama wa mkasi. Nikiyaona majani ya namna hiyo siangalii juu tena. Nazunguka uwanja kutafuta mahali anapozaliana, na karibu kila mara pako: gogo la mnazi uliokufa limeachwa lioze nyuma ya nyumba, au rundo la samadi lililoletwa kwa ajili ya bustani na kusahaulika. Mabuu yake meupe manene yamo humo. Gogo lipasuliwe na likaushwe au litumike kama kuni, samadi itandazwe. Aliyekwishaingia mtini hutolewa kwa waya wenye ndoano, kazi ya uvumilivu. TARI Mikocheni, kituo kilichoshughulikia utafiti wa minazi kwa miaka mingi, kipo hapa hapa mjini, na watu wake hawamfukuzi mwenye swali.

Kuna nyakati ambapo dawa ya dukani inahitajika, na nikifika hapo nanunua iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao yake Arusha, ikiwa kwenye chupa yake na maandishi yanasomeka. Sinunui dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda hata ikiwa nusu bei. Nyumbani kuna watoto.

Nimeacha kupogoa kuwe mwisho kwa kuwa ndiko ninakoumia zaidi. Mtu anamwita kibarua mwenye panga, anamwambia "upunguze," anaondoka kazini, anarudi jioni kukuta nguzo. Kilele kimekatwa, matawi yote yamebaki vikonyo. Baada ya wiki chache mti unatoa machipukizi mengi kwa pamoja na mwenye nyumba anafurahi, umepona. Haukupona. Umetumia akiba yake yote ya chakula kujiokoa, na machipukizi yale yameshikilia kwenye ganda tu. Yakishakuwa mazito yatavunjika kwa upepo wa kusi. Shina ambalo halijawahi kupigwa jua linaungua, na kwenye vidonda vya juu maji yanatuama, kuvu inaingia, na wadudu wa mbao wanaifuata. Mwashoki uliokatwa kichwa haurudi tena kuwa mwashoki.

Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone ndani yake kidonda kinavyokwenda, na miaka ya 1970 akaeleza jambo lililobadilisha kazi hii: mti hauponyi jeraha kama ngozi ya mtu inavyopona. Unalizingira. Unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyoharibika na kuendelea kukua kwa nje. Ukuta mmoja wenye nguvu uko pale tawi linapoungana na shina, kwenye ile kola iliyovimba kidogo. Ukikata ukaiacha kola, mti unafunga wenyewe. Ukikata ukasawazisha na shina ili papendeze, umeondoa ukuta huo. Ukiacha kikonyo kirefu, kinaoza na kuoza kunaingia ndani. Na rangi ya mafuta au lami tunayopaka kwenye kidonda haizuii kuoza. Mimi nimeacha kuipaka.

Tawi zito hukatwa mara tatu kwa msumeno. Kwanza kutoka chini, shibiri moja au mbili kutoka shinani, robo ya unene. Kisha kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza kuelekea ncha, tawi lianguke bila kuchana ganda la shina. Mwisho unaondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya kola. Panga halina nafasi hapo.

Minazi na mitende nayo inanyolewa vibaya, wanaacha majani matatu yamesimama juu kwa sherehe ya Idd au Krismasi. Kata yaliyokauka tu. Jani linaloanza kuwa njano bado linarudisha chakula mtini.

Nimechunguza kwa nini vibarua wanakata sana, na sababu si ujinga. Wanalipwa kwa mzigo. Mwenye nyumba anakubaliana bei ya kujaza kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na kirikuu kisipojaa anahisi ameibiwa. Kwa bei hiyo hata mimi ningekata nguzo. Kwa hiyo nikisimamia kazi nalipa kwa siku. Tunauzunguka mti pamoja kabla msumeno haujatoka kwenye mfuko, tunafunga kitambaa chekundu kwenye kila tawi litakaloondoka, na kwa mwaka hatuondoi zaidi ya robo ya majani yote. Mwenye nyumba awepo wakati wa kufunga vitambaa. Tawi lisilo na kitambaa halikatwi, hata kama kirikuu kitaondoka nusu tupu.